Kupona kwa Mdomo

Jumatatu, 24 Februari 1964

Dada yangu Mejumaa amenivua kola, amenisafisha kovu kwa maji ya moto yenye chumvi, amenivika tena. Kama jana. Kola ni ya ngozi, ndani ina kipande cha chuma kinachoniinua kidevu. Jua likipanda inanuka kama kiatu.

Nalala juu ya mlango. Daktari alikataza kitanda cha kamba, akataka ubao mgumu, na ubao uliopatikana haraka hapa Tiwi ni mlango wa chumba changu mwenyewe. Sasa chumba kina pazia.

Kidonge asubuhi, kidonge adhuhuri, kidonge cha kulalia. Naandika kwa mkono wa kulia kwa sababu lazima ufanye kazi. Herufi zinalala chali. Mtoto wa darasa la pili ningemrudisha aandike upya.

Alhamisi, 27 Februari

Niandike mara moja jambo lilivyokuwa, nisilirudie.

Mwaka jana chaki ilianza kuniponyoka. Kisha kikombe. Kisha miguu ikawa kama ya mtu anayekwenda ndani ya tope. Siku ya kuipokea bendera mpya niliwapanga watoto uwanjani, lakini vifungo vya shati langu alikuwa amevifunga dada yangu. Mimi nilishindwa. Mifupa ya shingo ilikuwa inabana uti wa mgongo. Mombasa wakanipasua kwa nyuma, wakaondoa mfupa unaobana. Daktari hakunificha. Kisu ni cha kuzuia usizidi kuharibika, alisema. Kuhusu maumivu hakuahidi kitu.

Maumivu hayako shingoni. Shingo ni nzito tu. Yako mkono wa kulia, kuanzia begani hadi vidole viwili vya mwisho. Kama upupu uliomwagwa ndani ya mfupa. Hapana pa kujikuna.

Jumapili, 1 Machi

Wamekuja wageni kutoka Msambweni. Salimu, fundi wa baiskeli, mchumba wa Mejumaa. Na mama yake, Bi Mwanasha. Harusi imeahirishwa mara mbili, mara zote kwa ajili yangu. Baba na mama hawapo tena. Mimi ndiye walii wa Mejumaa, wa kumwoza, na mimi ndiye mzigo wake.

Bi Mwanasha aliuliza siku kwa adabu zote. Mejumaa alijibu kutoka jikoni, hakutokeza: "Kaka akiweza kujiogesha, tutasema." Kahawa ikanywewa.

Mtu asiyegeuza shingo watu humdhania hasikii. Wakati wa kuondoka Bi Mwanasha alimwambia mwanawe, nyuma yangu pale pale, "Mwanangu, wewe si mahindi ya mbegu, uwekwe darini."

Wenziwe Mejumaa wana watoto wanaosoma kwangu.

Jumatatu, 2 Machi

Nimeamua kupona. Yaani nitasema nimepona.

Jumamosi, 7 Machi

Nimejiogesha. Kata kwa mkono wa kushoto, nusu ya maji chini. Nimejifunga kola mwenyewe, imekaa upande. Mejumaa ameiona. Aliniuliza kama mkono unauma. Nikasema umepungua.

Ni uongo. Ulitoka kwa wepesi kuliko nilivyotarajia.

Kidonge cha kulalia nikamrudishia, nikasema sikihitaji tena. Nilijuta kabla hajapita pazia.

Jumatatu, 16 Machi

Shuleni, kwa bakora. Watoto wakasimama, wakaniamkia kwa shikamoo ya pamoja. Marahaba. Nikachukua chaki. Mkono haukupanda kupita kifua. Tarehe nimeiandika chini kabisa ya ubao, mahali mtoto mdogo angeiandika. Hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Mwalimu mkuu ameniletea kiti. Amesema nifundishe kwa mdomo mpaka likizo. Vyema. Kwa mdomo nafundisha, kwa mdomo napona.

Nyumbani nimemwambia Mejumaa nimeujaza ubao.

Ijumaa, 27 Machi

Nilimwita Salimu. Alikuja baada ya sala ya Ijumaa, kwa baiskeli, masafa yote hayo. Nikamwambia Idi ya kuchinja ikipita tusingoje tena. Ijumaa ya kwanza ya Mei.

Alikuwa anautazama mkono wangu, nilivyoulaza pajani. "Na wewe mwenyewe, Mwalimu, u hali gani?"

"Alhamdulillahi. Nimepona."

Alinitazama zaidi kidogo ya adabu. Kisha akashukuru, akaenda kumpasha mamake habari.

Mejumaa ameimba alipokuwa anakuna nazi. Nilikuwa nimesahau kwamba huimba. Nilikaa barazani nikamsikiliza, mkono unawaka hadi kuchani. Sikujuta.

Jumanne, 7 Aprili

Masika. Ubaridi wa mvua unaingia kwenye kovu na kushuka. Vidonge nanywa nikizidiwa tu, kwa siri, viwili kwa pamoja. Havitulizi. Vinanipa kizunguzungu na vinanifunga choo.

Nasali nikiwa nimekaa, rukuu na sijida naziashiria kwa macho. Leo sikuomba kupona. Nimeomba nifike Mei bila kuonekana.

Nimegundua nina chuki na watu wanaogeuka wakiitwa. Hata watoto.

Jumamosi, 18 Aprili

Imejulikana.

Mejumaa alikwenda Waa kwa shangazi, alale huko. Mvua ikakata njia, akarudi mchana. Mimi nilikuwa chini sakafuni, nimeng'ata ukingo wa mkeka, nalia kwa sauti. Nilidhani niko peke yangu. Nilikuwa naufaidi huo upweke, kusema kweli. Wiki nyingi sijalia kwa sauti.

Alinipa kidonge. Akaninyanyua akanilaza. Akakaa mpaka pumzi zikarudi.

"Tangu lini?"

"Haujaacha."

"Kila siku nilikuuliza, kaka."

Nikatazama paa.

"Ulinidanganya ili niolewe, au kwa kuwa umechoka kuogeshwa na mwanamke?"

Nikasema, ili uolewe.

"Basi siendi," akasema. Sauti yake ya kawaida kabisa. Akatoka kuanua nguo, mvua ilikuwa inaanza tena.

Jumapili, 19 Aprili

Swali lake limenikaa. Jibu la pili nalo ni kweli. Nimechoka kuvuliwa shati. Nimechoka kusema ahsante kwa uji, ahsante kwa maji, ahsante kwa kifungo. Ningemwoza hata kama hataki, ili nisiseme ahsante.

Hasemi nami. Uji anauweka, anaondoka.

Amekuja Mzee Kassim, jirani yetu, aliyekuwa mpishi wa hoteli kule Diani. Alinisikia jana nikilia. Alikaa sana. Alieleza supu za Wazungu, aina moja baada ya nyingine, na kosa la kila aina. Kisha bila kubadili sauti akasema atakuwa anakuja asubuhi kuniogesha. Yeye ndiye aliyemwogesha baba yake mpaka mwisho, kazi hiyo anaijua.

Nilisema tutaona. Maana yake sitaki. Mtu huyu hanyamazi.

Jumanne, 21 Aprili

Mombasa, kwa daktari. Mejumaa alimpelekea Salimu habari, naye akaja alfajiri anisindikize. Anajua yote. Kwenye feri alinishika kiwiko bila kuuliza. Nilimwachia.

Daktari alinigonga magoti, akanitaka nimbane vidole. Miguu imepata nguvu. Kovu safi. Halafu akauliza vidonge nanywaje. Nilitaka kudanganya. Salimu alikuwa amesimama pale. Nikasema kweli.

Alikasirika. Maumivu ya mshipa hayangojwi yafike, alisema. Dawa inywewe kwa saa, yawepo yasiwepo. Nitembee kila siku. Nipumzike kabla ya kuchoka, si baada. Ameniongezea dawa nyingine ya jioni. Mkono utachukua mwaka, na huenda kidogo kikabaki maisha yangu yote. "Ukinificha," alisema, "sijui namtibu nani."

Njiani, tulipoipita Waa, Salimu akaanza.

"Mwalimu, mama yangu ana haraka. Mimi sina. Lakini usinipe siku ya uongo."

"Siku ni ya kweli," nikamwambia. "Uongo ulikuwa mkono."

Alicheka kidogo. Mimi pia. Kucheka kunauma.

Jumatatu, 27 Aprili

Idi imepita. Mejumaa amekubali kwenda, kwa masharti yake. Dawa ninywe kwa saa. Mzee Kassim aje kila asubuhi na nisimfukuze. Na nikiulizwa nijibu. Alisema hilo la mwisho ndilo kubwa, mengine mtu yeyote angenishurutisha.

Nimekubali yote. Nilisema pia jibu la pili nalo lilikuwa kweli. Akasema alijua. Alisema yeye naye kuna asubuhi alichoka kunifunga kola, akaogopa kuwa nitamwona. Sikuwahi kumwona. Siwezi kugeuka.

Mzee Kassim ameanza leo. Mikono migumu, anafunga kola vizuri kuliko Mejumaa. Alinieleza kuku wa kupaka kwa urefu, mpaka sabuni ikaniingia machoni.

Ijumaa, 1 Mei

Nikahi, msikitini, baada ya sala. Wenzangu mkekani, mimi juu ya kiti, kama bwana shauri wa Kizungu anayesikiliza kesi. Salimu alipiga magoti mbele yangu.

Walii hutoa mkono wa kulia. Nikautoa. Salimu aliuweka ndani ya wake bila kuubana, kama ashikaye yai. Hata hivyo moto ulipanda mpaka begani. Sheikh alianza kunisomesha maneno. Alipoona uso wangu akasita.

Nikasema, "Mkono unauma. Tuendelee."

Tukaendelea. Nikamwoza dada yangu Mejumaa kwa mahari tuliyopatana. Salimu akasema amekubali. Akaniachia mkono taratibu, akaurudisha pajani pangu mwenyewe.

Hakuna aliyenicheka. Hakuna aliyenihurumia kupita kiasi. Wakaja kula.

Jumamosi, 2 Mei

Amekwenda Msambweni. Gari lilikuwa upande wangu wa kushoto. Vigelegele vilipopigwa nilianza kugeuka, miguu kwanza, kisha kiuno, kisha mabega. Nilipokwisha kugeuka lilikuwa limeshapinda. Niliona tope lililorushwa na magurudumu.

Jumatano, 13 Mei

Siku mbaya. Dawa nilikunywa kwa saa, haikutosha. Mzee Kassim alikuwa katikati ya habari ya samaki wa kuokwa. Nikamwambia mkono unauma sana leo, siwezi kusikiliza.

Akanyamaza. Sikujua kwamba anaweza. Akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, mpaka mkono wangu ukapungua kuuma. Ilikuwa karibu adhuhuri. Pengine ana kazi zake, sikumuuliza.

Sijaanza kumpenda. Lakini sikutaka aondoke.

Jumamosi, 23 Mei

Shule imefunguliwa tangu Jumatatu. Naandika nusu ya chini ya ubao. Waliokaa nyuma wanasimama wasome. Hakuna anayeona ajabu tena.

Mwandiko umeanza kunyooka. Vidole viwili vya mwisho bado si vyangu.

Jumapili, 7 Juni

Mejumaa na Salimu wamekuja kunisalimu. Wameleta muhogo. Salimu alikwenda kumtazamia Mzee Kassim baiskeli yake. Mejumaa akakaa kizingitini mwa jikoni, kisu mkononi, kama hakuwahi kuondoka. Amenenepa kidogo. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, mahali ambapo sihitaji kugeuka.

Akauliza kama mkono unauma.

Nikasema unauma. Zaidi ya jana, lakini si kama wiki iliyopita.

"Haya," akasema, akachukua muhogo mwingine, akaendelea kumenya.