Mkasi Nyuma ya Kabati

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini goti limeacha kukuonea, na shemeji bado anakoroma kwa afya njema.

Kwa heshima na taadhima natangaza rasmi: mkasi wangu mkubwa, uliopotea miezi minane, umepatikana! Ndiyo, uleule niliokutuhumu kuondoka nao kwenye mkoba. Naomba radhi. Fundi cherehani mzima nilibaki kukata suti za watu kwa mkasi wa kukatia nyuzi.

Wifi yako ndiye aliyeuona. Anakohoa tangu mwaka jana, nami, bingwa wa suruali, nikajifanya daktari: ni vumbi la vitambaa. Kwa kuwa hupiga pasi katika chumba changu cha kushonea kutwa nzima, nilimwambia afunge kitambaa puani. Akafunga. Kikohozi kikazidi, mpaka akawa anaketi katikati ya ngazi zetu kumi na mbili ili avute pumzi.

Jumatatu tukaenda hospitali. Daktari aliitazama picha ya mapafu, akaitazama tena, kisha akamuuliza anavuta sigara ngapi kwa siku. Dada, mwenzangu alicheka! Akasema hajawahi hata kuishika. Daktari akamjibu kwa upole kwamba pale hahukumiwi mtu, aseme tu. Basi wifi yako akanigeukia mimi, nimtetee.

Nikamwambia amweleze daktari ukweli.

Ndiyo, mimi. Tukarudi nyumbani, yeye akitangulia mbele.

Kesho yake akaamua kulifagia hilo vumbi langu. Akavuta kabati, akaukuta mkasi, na kando yake kopo la biskuti. Akaja akaviweka vyote viwili juu ya cherehani na kulifungua kopo. Lilijaa vipande vya sigara.

Dada, sikuacha. Nilikuapia siku baba alipokata roho mikononi mwetu, nikaacha wiki tatu tu. Miaka yote hii nimevuta humohumo chumbani, kila alipotoka kupeleka nguo, naye akirudi na kuuliza kuhusu harufu, nikiwasingizia wateja.

Hakupiga kelele. Alisema tu nivae viatu, twende nikayarudie maneno yangu mbele ya daktari. Nikaenda, nikasema yote. Daktari akaeleza kwamba moshi wa mwenzio, ukikaa nao miaka, huharibu mapafu yako hata usipovuta, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Kilichobaki ndicho cha kulindwa.

Jumamosi wifi yako anakuja kwako. Hakusema atarudi lini, nami sikuthubutu kuuliza. Kopo nimelitupa, nakwangua kuta nizipake rangi upya, na leo ni siku ya nne sijavuta. Usiniamini bado.

Msalimie shemeji. Na wifi yako akikohoa mbele ya wageni wako, nao wakamtazama vibaya, tafadhali waambie moshi ule ni wa mdogo wako.

Ni mimi,
Fundi wako mwenye aibu