Ndani ya Kinyago cha Nguruwe

Jumamosi, Nyakabanda

Sijutii hata kidogo. Solange, yule aliyesoma barua yangu ya siri mbele ya darasa zima, leo alikuja kututazama tukicheza hudoq, ngoma ya Wadayak, watu wa kisiwa cha mbali ng'ambo, ya kulinda mpunga uliopandwa, ambayo kikundi chetu kimejifunza. Tulivaa majani ya migomba na vinyago vya wanyama waharibifu. Mwishoni kila kinyago humvuta mtazamaji mmoja acheze.

Nilimvuta yeye.

"Niache, wewe nguruwe! Sijui kucheza!"

Watu walicheka. Nilimzungusha mpaka akalia.

Baadaye akaniuliza, "Nani alivaa kile cha nguruwe?"

"Sijui. Pole sana, dada," nikasema, nikampa maji.

Naogopa atagundua. Hata hivyo nimemwalika tena kesho, na nimemwekea kiti cha mbele.