Mgongo Uliobeba Lumbesa

Jumatatu, 6 Januari 2025
Nimerudi kutoka Dar. Wametoboa mfupa wa nyonga, wakavuta uboho. Daktari anasema humo mna seli shina. Watazikuza maabara, kisha tarehe nne Februari wazidunge kwenye diski yangu ya uti wa mgongo iliyosagika, labda ijijenge upya. Labda! Ni utafiti, hajaahidi kitu. Miaka kumi na minane ya kubeba magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, pale mashine ya mpunga hapa kwetu Lumemo. Sasa hata kukohoa naogopa.

Sharti moja amelirudia mara tatu: mgongoni pasiwe na kidonda. Uchafu ukiingia na sindano naweza kupooza. Na seli zikishakua, hazisubiri.

Jumanne, 14 Januari
Devota kaenda kupandikiza mpunga peke yake tena. Mke wangu anainama kutwa, mimi nimejilaza mkekani. Karudi na matope hadi mapajani, ananiuliza kama nimekula! Nimeona aibu.

Jumamosi, 1 Februari
Mama kashuka kutoka Mahenge. Sijamaliza shikamoo, machozi. Eti baba yako alizikwa mgongo umepinda, na wewe Beatus nikutazame tu? Katoa wembe na ile dawa yake nyeusi ya kupaka kwenye chale. Nikamweleza sharti la daktari. Akasema wao wakutoboe mfupa, mimi niliyekuzaa nisikuguse?

Nilijua kabisa. Nikavua shati. Kubishana na Mama ni kazi, na mimi nimechoka. Chale nane, kiunoni.

Mjinga mimi!

Jumapili, 2 Februari
Nimelala hadi asubuhi. Mara ya kwanza tangu mgongo uniangushe Oktoba! Mama anaimba jikoni. Devota kaziona chale, katoka kwenda shambani.

Jumanne, 4 Februari
Dar, benchi la hospitali, mimi na Devota. Chale sita zimekauka. Mbili zimevimba, zinatoa maji.

Mama kapiga simu: wakiuliza, sema ulijikuna. Devota kasikia. Kasema polepole, bila hasira: kupandikiza peke yangu nitaweza hata miaka kumi, Beatus, ila kukugeuza kitandani sitaweza.

Nesi katoka na faili langu, anacheka. Hongera baba, seli zako zimekua vizuri, ziko tayari mezani. Vua shati.

Nimeomba dakika moja nimalize kuandika. Devota kaanza kunifungua vifungo. Kimebaki kimoja. Nesi bado anatabasamu—