Kibati Kinachojibu

Likasi, Jumapili baada ya misa

Kwako yaya Blaise, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mapendo. U mzima huko Lubumbashi? Unakula vizuri, au bado ni mkate na chai tu? Sisi huku tu wazima. Papa anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la kiangazi. Jirani yetu mama Orpha anakusalimu na anauliza utaoa lini.

Uliniomba nimchagulie papa kibati kimoja kati ya vile viwili, kidogo na kikubwa, ulivyoviona kwa muuzaji wa vitu vya mitumba: kibati kinachokaa chini ya kamera yake kubwa, na kikishapachikwa juu ya ile miguu mitatu, kinafungwa hapo.

Kwanza nilimwuliza papa mwenyewe. Alicheka, akasema, "Kibati ya nini? Miye niko na weye." Unakumbuka tunavyofanya: yeye anaibeba kamera kwa mikono miwili, mimi napiga magoti chini yake na kuikaza skrubu. Anauliza, "Iko?" Najibu, "Iko, papa." Hapo ndipo anapoiachilia. Zamani ulikuwa unajibu wewe. Tangu mama atutoke, na wewe ukaondoka, kuna siku ambazo hatuambiani neno lingine mpaka wakati wa chakula.

Halafu nilikata vipande vya mbao kwa vipimo ulivyonitumia, tukajaribu. Kwenye kile kidogo, papa alipouvuta mbele ule mfuko wa ngozi unaobeba lensi ili apige uso kwa karibu, kamera iliinama kama mtu anayesinzia kanisani. Tena, kwa kuwa kina skrubu moja tu, alipoingiza filamu kwa nyuma, kamera nzima iligeuka. Kile kikubwa kinashika tumbo lote la kamera kwa skrubu mbili, wala haigeuki.

Nilisikiliza pia sauti ulizorekodi kwenye simu. Kidogo kinakazwa polepole kwa pembeni, kimya. Kikubwa kina mkono wa chuma ambao mtu mmoja anaufunga, na ukifunga kinalia "ta!" Nilirudia kusikiliza, peke yangu, kitandani.

Sasa yaya, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata rafiki yangu Carine. Shule ya Mulungwishi imenipokea. Mwezi wa tisa nitakuwa bwenini. Nilitamani sana kwenda, lakini nilipowaza papa amebeba kamera na hakuna mtu chini, nilinyamaza. Nilikuwa karibu kukuandikia kwamba kile kidogo ndicho kizuri. Kile hakiwezi kufungwa bila mtu wa pili, na papa angeendelea kunihitaji.

Jana tulikwenda kwa mzee Kalenga kupiga picha ya familia. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya kamera wakati papa alipoanza kusema, bila kuniangalia. Alisema mwalimu wangu alimpongeza sokoni, naye akajifanya anajua. Akasema, "Chagua ile muntu moja anaweza kufunga yeye peke. Weye utakuwa ku Mulungwishi."

Nikabaki na skrubu mkononi. Watu wa mzee Kalenga walikuwa wamekaa tayari na nguo zao za sikukuu. Papa akauliza, "Iko?" Akangoja na kamera mikononi, hakuuliza tena wala hakuiachilia. Nikaikaza, nikasema, "Iko, papa."

Kwa hiyo nunua kile kikubwa, chenye mkono wa chuma. Papa haoni vizuri huko chini, naye atauliza tu, namjua, hata akiwa peke yake. Nataka awe na kitu cha kumjibu.

Lakini tafadhali usikitume kwa basi. Kilete mwenyewe kabla sijaondoka. Papa atashika kamera kwa mara ya mwisho namna ile ya zamani, sisi wawili tutapiga magoti kukifunga kibati tumboni mwa kamera, na akiuliza tutamjibu pamoja.

Wasalimie wote unaokaa nao. Uvae sweta asubuhi, baridi ya kiangazi cha kwetu bado ipo. Papa hajui kama ninakuandikia leo, lakini najua angesema nikusalimie, basi pokea na salamu zake.

Mdogo wako akupendaye,
Arielle