Ijumaa Waliyokuja Kunizika

Katumba, Mpanda
Aprili 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla dada Tekla hajaendelea kukusomea, muulize kama mwandiko huu ni wangu. Akishakubali, mketi wote wawili. Mimi ni mzima. Jumamosi ya wiki iliyopita nilidandia lori hadi Mpanda mjini nikakutumia telegramu ya kukuambia usiamini habari za kifo changu, lakini sijui kama iliwahi. Dereva mmoja wa lori la tumbaku aliondoka hapa Ijumaa alfajiri akiwa na habari kwamba nesi wa zahanati amefariki, na shemeji yake alikuwa anapanda treni siku hiyohiyo kuja huko Kilosa. Kama huyo shemeji alitangulia, nisamehe sana mama. Na kama watu wameshatandika mikeka hapo uani, waambie wakunje.

Vipi presha yako? Vidonge unameza kila siku, au unameza siku kichwa kinapouma tu? Najua jibu, lakini nauliza. Mimi malaria ilinilaza siku tatu kabla ya mambo haya yote, ila sasa nakula vizuri na mashavu yamerudi.

Sasa nikuelezee, maana hata mimi bado sijakaa sawa. Mpaka leo mtu akinibishia hodi nashtuka.

Unakumbuka barua zangu za mwaka jana. Nilikuandikia kwamba hapa sina mtu. Nyumba yangu iko nyuma ya zahanati, peke yake, na wanawake wa hapa, wakimbizi kutoka Burundi, wakiwa kwenye foleni wanaongea Kirundi, nikitokea wananyamaza. Nilikosa pia adabu, nakiri. Mwezi wangu wa kwanza nilimfokea bibi mmoja, Bibi Kabura, mbele ya foleni nzima kwa kumchelewesha mjukuu wake kuchanjwa. Hakunijibu. Alifunga mtoto mgongoni akaondoka, na tangu siku ile hakuwahi kuitikia hata salamu yangu. Ndipo nilipokulilia unitafutie uhamisho, na baba mdogo Petro akahangaika ofisi hadi ofisi. Barua ya uhamisho ilinifikia wiki ileile ya malaria. Natakiwa niripoti huko Kilosa mwezi wa sita. Nilifurahi, nikaanza hata kufunga vyombo.

Jambo ambalo sikukuandikia, kwa kuogopa utanicheka, ni yoga. Kuna mtaalamu wa viungo anayekuja kila Alhamisi na gari la mradi, anaitwa Bi Kusum. Ni Mhindi wa Tabora, amezaliwa palepale, na Kinyamwezi anakiongea mpaka Wanyamwezi wenyewe wangeona haya. Alikuta wanawake wengi wanalalamika migongo. Kuanzia kupanda mpaka kuchuma tumbaku ni kuinama, halafu mtu anabeba majani mabichi kichwani hadi kwenye bani ya kuyakaushia. Vidonge nilivyokuwa nawapa havikusaidia kitu. Bi Kusum akasema walete mikeka. Mzee wa kanisa alikuja mara mbili kuangalia kama hiyo yoga ni dini, akaona watu wananyoosha miguu na kuvuta pumzi, akarudi kwake.

Mimi nilijiunga kwa sababu sikuwa na la kufanya Alhamisi mchana. Sehemu moja tunakaa wawiliwawili, mgongo kwa mgongo, mmoja akivuta pumzi mwenzake anaisikia mbavuni. Siku ya kwanza kila mtu alishampata mwenzake, tukabaki mimi na Bibi Kabura. Bi Kusum hakuwa na habari ya ugomvi wetu, akatukalisha. Tukaendelea hivyohivyo, mama, miezi minne. Mtu hanisalimii njiani, na mgongo wake naujua kuliko wangu. Nilizoea. Wengine nao walianza kunicheka nikipepesuka kwa mguu mmoja, wakanifundisha kuhesabu pumzi kwa Kirundi, nami nikawa nangoja Alhamisi. Hata hivyo niliona ni mazoezi tu. Ningeondoka bila kugeuka nyuma.

Mwisho wa mazoezi huwa tunalala chali kwenye mikeka pale uani, macho tumefumba, kimya kabisa, hakuna kutikisika. Alhamisi ile ndiyo nilikuwa nimetoka kwenye malaria na baridi ilikuwa inanipitia, basi Bi Kusum akanifunika shuka jeupe la wodini. Nzi walikuwa wengi, nikalivuta hadi usoni. Yeye akakaa kichwani pangu akituongoza kwa sauti ya chini. Bibi Kabura siku hiyo hakuja, alikuwa kwenye tumbaku yake, kijiji cha mbali.

Nikiwa nimelala nilisikia baiskeli inapita barabarani inasukumwa. Sikufikiri chochote. Alikuwa mzee mmoja wa Ugalla anayekuja kuuza asali, na habari za malaria yangu alikuwa ameshazisikia njiani. Huku mtu akipita penye msiba hapandi baiskeli, anashuka anaisukuma. Aliona wanawake wamelala kwenye mikeka mchana kweupe, hakuna anayeongea, katikati kuna mtu kafunikwa shuka jeupe hadi kichwani. Akavua kofia, akasukuma baiskeli yake kwa heshima mpaka akamaliza uwanja wa zahanati. Kisha akapanda, na kila kijiji alichofika na asali yake akaacha na habari yangu. Katumba ni vijiji vingi, mama. Watu wa vile vya mbali hawakuwa na wa kuwaambia kwamba jioni ileile mimi nilikula ugali na dagaa nikaosha na sufuria.

Ijumaa asubuhi niko mlangoni napiga mswaki. Nikasikia wimbo wa kanisa, ule wa polepole. Nikatazama barabarani. Wanawake, sijui niseme wangapi, walikuwa wameijaza barabara, kanga kiunoni, kuni kichwani, wengine na unga, wengine mikungu ya ndizi. Miguu imejaa tope hadi magotini, maana mvua ilinyesha. Na nyuma yao majirani zangu wa hapa karibu, walioniona jana yake nikichota maji. Wao waliposikia wimbo walidhani basi nimekufa usiku, wakajiunga kulia.

Nikajua kuna msiba mkubwa. Nikatema povu, nikaenda kuwapokea. Mwanamke wa mbele aliponiona alipiga yowe akatupa mzigo wa kuni chini. Wawili walikimbilia kwenye mahindi. Wimbo ukakatika. Nikamwendea mzee wa kanisa, kofia yake kaishika mkononi.

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

"Ni wewe, nesi."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Tumeambiwa jana."

Mama, sijui jinsi ya kukueleza. Nikakaa palepale kwenye tope na mswaki mkononi. Walianza kunishika, mmoja kichwa, mmoja mikono, wakinipapasa kama niko kweli. Wengine walicheka, wengine wakazidi kulia. Nami nilichokuwa nawaza ni kitu kimoja tu: hawa wote wameamka gizani na kuni kichwani kwa ajili yangu? Wametembea kutoka kule kote? Hawa hawa ninaosema hawanitaki?

Halafu mzee wa kanisa akashika kichwa. Akasema vijana wako makaburini tangu alfajiri, wanachimba.

Tukaenda wote, msafara mzima, mimi mbele. Tulikuta shimo limefika kiunoni. Pembeni yake, kwenye kigogo, amekaa Bibi Kabura. Kushoto mwa shimo kuna kaburi la mume wake, kulia yako mawili madogo ya watoto wake, waliofia hapa miaka ya mwanzo walipokimbia kwao. Kila mtu huku anajua kwamba ile nafasi ya katikati aliiacha ya kwake mwenyewe.

Vijana waliponiona waliruka nje ya shimo. Yeye hakukimbia. Alinyanyuka, akanitazama kuanzia miguuni, akaja akanifinya mkono, kwa nguvu kabisa.

"Una joto," akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ile ya foleni. Nikamuuliza kwa nini kaburi langu lichimbwe hapa, mahali pake.

"Wewe huna ndugu huku," akasema. "Jana wanaume walikuwa wanaulizana huyu mtu wa mbali tumuweke wapi. Nikasema alale na watu wangu. Asilale peke yake kama mtu aliyetupwa."

"Na wewe je, bibi?"

"Mie watanitafutia pengine. Mie wananijua."

Nilimpigia magoti nikamwomba msamaha wa ile siku ya chanjo, mbele ya watu wote, maana na kumfokea nilimfokea mbele ya watu. Akaninyanyua akasema nitachafua gauni, kumbe lilikuwa limeshachafuka zamani.

Kisha lilikuja suala la shimo. Wazee walikataa kabisa liachwe wazi au lifukiwe tupu. Walisema kaburi lililochimbwa lazima lipewe kitu, la sivyo litamngoja mtu. Wakakata mgomba, wakauviringisha kwenye mkeka, wakauteremsha. Mfiwa ndiye anaanza kutupa udongo, na mfiwa hakuwepo mwingine, nikaanza mimi. Mama, nililia. Nililia kwa kwikwi kwenye maziko yangu mwenyewe na wanawake wa yoga wamenishika huku na huku. Bibi Kabura akasema mgomba utaoza upesi, nafasi yake ataipata tu. Baadaye chakula cha msiba tulikila, kwa sababu kilikuwa kimeshabebwa. Mzee wa asali alikuja mchana na debe zima kuomba radhi, hakuthubutu kuniangalia usoni.

Alhamisi iliyofuata Bi Kusum aliposikia habari alikaa kwenye ngazi ya zahanati akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Ndipo akatuambia alichotuficha miezi minne: ule mlalo wa mwisho kwao unaitwa mlalo wa maiti. Alijua tukisikia jina tutakataa. Wanawake wakacheka mpaka wengine wakaanguka kwenye mikeka. Sasa tunalala kwa zamu, mmoja anabaki ameketi barabarani kuwaambia wapita njia kwamba tunapumzika tu.

Sasa mama, hapa ndipo mkono unapokuwa mzito. Najua chumba umeshakipaka chokaa. Najua umeshawaambia watu wa kanisani kwamba narudi. Lakini juzi nimemwandikia mganga mkuu wa wilaya kumwomba nibaki. Sikukuomba ruhusa kwanza, na hilo ni kosa langu. Mwaka mzima nimekuwa nikikuandikia kwamba hapa sina mtu, na wewe ukawa hulali kwa ajili yangu. Haikuwa kweli, ila sikujua. Kasirika, una haki, lakini usinyamaze. Likizo yangu ni ya mwezi wa kumi na mbili na yote ni yako.

Mpe pole baba mdogo Petro kwa viatu alivyomaliza akitafuta uhamisho wangu, mwambie nitamwandikia yeye peke yake nimwombe radhi. Msalimie shangazi Agnesi, jirani na mlezi wangu, kama alishanililia asijute. Dada Tekla msomaji wetu, chumba hicho hamia wewe na watoto, paa la kwenu linavuja.

Bibi Kabura yuko hapa pembeni yangu, ananitazama nikiandika. Nimemuuliza kama ana salamu kwako. Amefikiri sana. Anasema: "Mwambie mama yako, mwana wake nilimlilia usiku kucha. Siku yangu mie ikifika, na yeye aje."

Mwanao,
Zawadi