Bati la Mzee Salum

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mikorosho imeanza kutoa maua? Sisi huku wazima, mimi, mkweo Mwanahawa na mjukuu wako Zainabu, ila tumekukumbuka mno.

Najua uliwangoja Mwanahawa na mtoto huko Newala, wasitokee, na kwenye simu sikueleza vizuri kwa kelele za dukani. Ndiyo maana naandika.

Nyumba tunayopanga ni ya zamani na chumba hakikuwa na dari, bati tupu juu ya vichwa vyetu. Ikifika adhuhuri, hata godoro ni la moto. Feni inakupulizia joto lilelile. Zainabu alijaa harara shingo nzima, hanyonyi vizuri, analia mpaka sauti inakauka. Mwanahawa akafunga begi. "Nakupenda, Baba Zainabu, lakini mtoto tutamwivisha."

Nikamwendea tena mwenye nyumba, Mzee Salum, anayeishi peke yake chumba cha mbele, nikamwomba ruhusa ya kupiga dari. Akajibu kama siku zote: "Nyumba hii aliijenga marehemu baba. Tumekulia humu bila dari, tumekufa?"

Mwanahawa hakubishana. Alimwamkia, akasema, "Basi babu, njoo umuage mjukuu wako." Akamkalisha kitandani kwetu, mchana ule ule, akamweka Zainabu mapajani pa mzee. Mzee akawa anamfuta mtoto shingo kwa kanzu yake, na yeye mwenyewe jasho linamchuruzika ndevuni. Akaziangalia zile harara. Kisha akatazama juu.

"Baba alijenga kwa makuti," akasema taratibu. "Bati nilipandisha mimi." Akamrudishia Mwanahawa mtoto. "Msiende. Pigeni hiyo dari."

Mama, tulifanya kazi! Chini ya bati tulitandaza zile karatasi za kung'aa zenye sponji zinazorudisha joto, kisha mbao laini za dari, na pembeni tukaacha matundu hewa ya moto itoke. Nikapanda kupaka bati rangi nyeupe, mzee yuko chini na bakora anasimamia: "Hamisi, pale umeruka!"

Siwezi kukudanganya kwamba ni baridi kama huko kwetu, lakini sasa mtu anapumua. Harara zimekauka. Mzee akitoka msikitini adhuhuri hupitia kwetu, eti kukagua dari. Juzi nilirudi kula nikamkuta amelala fofofo mkekani, Zainabu pembeni kakishika kidole chake, na Mwanahawa ananiashiria nivue viatu nisiwaamshe. Nilisimama mlangoni nikiwatazama, Mama, nikasahau hata njaa.

Nisalimie kaka Bakari na shemeji, na shangazi anayekuchotea maji. Mzee Salum naye anakusalimu sana. Anasema nikwambie usiwe na wasiwasi, mjukuu wako huku ana babu.

Mwanao akupendaye,
Hamisi