Kidonda cha Maji ya Pwani

Mjukuu wangu Wakesho,

Nakusalimu kutoka Wundanyi. Mvua imenyesha na maharagwe yameshika vizuri. Mjomba wako Mwakio ametoka hospitali. Tulimpokea Voi, lakini mguu mmoja aliuacha hospitalini, walimkata.

Umeniuliza kama utafiti wako wa maji machafu ya Mombasa una faida, kwa kuwa wenzako wanakucheka kwa ile harufu.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu Mghanga alirudi kutoka kazi ya pwani na kidonda. Alikuwa amekanyaga ganda la chaza baharini, mguu ukavimba, homa ikampanda. Baba alikuwa ameshawaita wazee wa kanisa waje kumwombea, akidhani anakufa. Nesi akamdunga sindano siku chache tu, na Jumapili iliyofuata Mghanga aliimba kwaya amesimama. Mama alilia kanisani. Tuliamini ugonjwa ule umekwisha duniani.

Mwakio naye alijikata mguu katika bahari hiyo hiyo, pale maji taka yanapomwagikia. Dawa ya kwanza ilishindwa, ya pili ikashindwa. Nikamuuliza daktari, "Kwani sindano za zamani ziko wapi?"

"Zipo, mama," akanijibu. "Ila vijidudu vya kule vimezizoea. Hazivitishi tena."



Sayansi yako siijui, lakini lazima mtu ajue kinachoishi ndani ya maji yale. Nilipomsomea Mwakio barua yako, aliniomba niirudie. Kisha akasema, "Mwambie aendelee. Na avae gambuti."

Nyanya yako anayekuombea,
Mkawasi